Nchi Nne, Mlango Mmoja

(Hotuba kwa wafanyabiashara na wakulima wanaouza mazao nje ya nchi, jijini Mwanza. Imeandikwa kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa na kupunguzwa kidogo.)

Shikamooni wazee wangu. Mwangaluka, ndugu zangu wa Misungwi, Kwimba na Magu mlioamka na jogoo. Mama zangu wa soko la Kirumba Mwaloni, najua kila saa mnayokaa hapa kuna mzigo unawasubiri, kwa hiyo sitawachosha kwa itifaki.

Nimeombwa nizungumzie kutafuta masoko mapya baada ya misukosuko ya biashara. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitawasomea orodha ya nchi. Hiyo mmeshaisikia. Kila semina tunaambiwa tuuze Uarabuni, tuuze China, tuuze Congo. Tunapiga makofi, tunakunywa soda, kesho yake tunarudi kuuza kulekule.

Nianze na sangara, maana ndiye aliyetutia adabu mapema kuliko zao lolote la kanda hii.

Vijana wengi humu mlikuwa hamjazaliwa. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, akakaa kama hayupo, mpaka miaka ya 1980 akalijaza ziwa. Viwanda vya minofu vikafunguliwa hapa Mwanza na Musoma, na kwa majirani Kisumu, Jinja na kwingineko. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Wakati huo nilikuwa kijana wa kitengo cha ubora katika kiwanda kimoja hapa mjini, kazi yangu kupima joto la barafu na kujaza fomu. Ukimuuliza bosi anauza wapi, alikujibu kifua mbele: Uholanzi, Ubelgiji, Hispania, Italia. Nchi nne. Kwa hesabu ya karatasi, huyo ni mtu mwenye masoko mengi.

Mwaka 1997 ikasemwa minofu yetu ina bakteria wa salmonela, Hispania na Italia zikawa za kwanza kukaza. Kabla hatujapumua, Januari 1998, Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu kilichokuwa Afrika Mashariki. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba zuio la namna hiyo halina msingi wa kitabibu, lakini halikusaidia. Mwaka 1999 likaja la tatu, nalo ndilo lililouma zaidi. Ziliibuka habari za watu kuvua kwa kumwaga dawa za kuua wadudu majini. Habari zenyewe zilianzia upande wa Uganda. Tukafungiwa wote, Tanzania, Kenya na Uganda, maana mnunuzi hawezi kumuuliza samaki alizaliwa upande gani wa bendera.

Umoja wa Ulaya wakati ule ulikuwa na nchi 15. Uamuzi mmoja uliotoka Brussels ulizifunga zote 15 kwa mpigo. Zile nchi nne za bosi wangu zilikuwa mlango mmoja wenye vibao vinne. Zamu kiwandani zikapunguzwa, bei mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, ikaporomoka, na wavuvi waliokopa nyavu wakabaki na deni na samaki asiye na mnunuzi.

Hili ndilo ninalotaka mwondoke nalo leo. Ukihesabu masoko yako, usihesabu nchi. Jiulize: ni jambo gani moja likitokea, nitafungiwa kote? Kama jibu ni karatasi moja, au ndege moja, au barabara moja, au mvua ya nchi moja, basi una soko moja, hata kama kitabu chako cha ankara kina majina 20.

Kuna kitu kwenye lile zuio la 1998 ambacho watu hawakisemi. Lilikuwa la samaki wabichi. Wa kugandishwa aliendelea kuruhusiwa, ila kwa masharti ya vipimo. Kwa hiyo mwenye mitambo ya kugandisha alikuwa na pa kupumulia, na mwenye barafu tu hakuwa na pa kwenda. Ziwa ni lile lile, samaki yule yule, mnunuzi yule yule, tofauti ni umbo la bidhaa. Na huyo wa kugandishwa ndiye aliyetuwezesha kuuza Israeli na Falme za Kiarabu, kwa sababu anapanda meli, anavumilia wiki kadhaa, hahitaji kufika mezani kabla hajaharibika.

Halafu tukasonga mbele, tukasahau. Tulifanya kazi kubwa kufungua tena Ulaya, na hiyo siibezi hata kidogo. Mialo ikaboreshwa, viwanda vikajifunza kudhibiti hatari hatua kwa hatua badala ya kupima mwisho tu, na leo tuna Maabara ya Taifa ya Udhibiti wa Ubora wa Samaki pale Nyegezi yenye ithibati ya kimataifa. Lakini kwa kuwa Ulaya ililipa vizuri, wengi tukarudi kuitegemea, tena kwa samaki mbichi wa ndege.

Ikafika Machi 2020. Safari hii hakuna aliyesema samaki wetu wana kasoro. Vyeti vilikuwa safi, wateja wengine walikuwa bado wanataka. Kilichokosekana ni usafiri. Sehemu kubwa ya minofu mibichi husafiri kwenye chumba cha mizigo cha ndege za abiria, chini ya miguu ya watalii, na tumezoea kuipeleka kwa lori hadi Nairobi au Entebbe. Entebbe ikafungwa kwa abiria Machi, Kenya ikafunga Machi hiyo hiyo, sisi tukafunga anga Aprili. Ndege za mizigo ziliruhusiwa, lakini ni chache na nauli yake ni nyingine kabisa. Huku mpakani madereva wa malori wakasubiri majibu ya vipimo siku nyingi na barafu inayeyuka. Na migahawa ya Ulaya nayo ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kisheria, lakini njia ya kuufikia ndiyo iliyokatika.

Tangu wakati huo kuna mabadiliko. Air Tanzania ilipokea ndege yake ya mizigo Juni 2023, yenye uwezo wa tani 54. Ni jambo jema. Ila ndege haiji kubeba tani tatu. Nimesikia viwanda vikilalamika ndege haiji, na nimesikia watu wa ndege wakilalamika mzigo haupo, na wote wanasema kweli. Wasipokaa meza moja kupanga shehena kwa siku maalumu, tutaendelea kupeleka samaki wetu wakapandie ndege kwa jirani.

Mabondo, yaani vile vibofu vya hewa vya sangara, sitayasema sana. Bei yake mnaijua, na wengine mmejenga kwayo. Lakini mteja wa mabondo ni China na Hong Kong. Ukiuliza wa pili ni nani, kimya. Anayeishi kwa mabondo peke yake ajue anaishi kwa hisani ya mlango mmoja mwembamba.

Sasa nije kwa wakulima wa dengu, maana hapa kuna jambo ambalo laiti mngeambiwa mapema.

Desemba 2017 India iliweka ushuru wa asilimia 30 kwa dengu kutoka nje. Februari 2018 ukapanda asilimia 40, Machi ukafika 60. Miezi michache kabla ya hapo, Agosti 2017, walikuwa wameshaweka kikomo cha kiasi cha mbaazi kinachoingia. Mnakumbuka bei ilivyokuwa. Kuna waliouza kwa bei isiyolipa hata vibarua wa kuvuna, na kuna walioacha mbaazi shambani.

Je, dengu yetu ilikuwa na kosa? Hapana. India ndiyo mlimaji mkubwa na mlaji mkubwa wa dengu duniani. Hununua nje anapopungukiwa. Mwaka ule walivuna sana, serikali yao ikalinda wakulima wao, kama ambavyo nasi tungetaka serikali yetu itulinde. Ulaya ilitufungia kwa kutulaumu sisi. India ilitufungia bila hata kutufikiria. Hizi ni aina mbili za kufungiwa, na dawa zake hazifanani. Ya kwanza inatibika kwa usafi na maabara. Ya pili haitibiki kwa usafi hata uoshe dengu punje moja moja.

Lakini inatabirika. Wenzetu wa India huvuna dengu kati ya Februari na Aprili. Ninyi mnapanda lini kwenye mbuga zenu? Machi, Aprili, mvua zikielekea ukingoni. Maana yake ni kwamba siku unayoshika jembe, habari ya mavuno ya India imeshajulikana au inakaribia kujulikana. Bei utakayopewa ukivuna, sehemu yake kubwa imeshaandikwa. Mavuno yao yalipopungua, Mei 2024 waliondoa ushuru wote wa dengu. Aprili 2025 wakarudisha asilimia 10. Habari hizi si za siri, ziko kwenye simu zetu. Ninachoomba kwa maafisa ugani na maafisa kilimo mlioko hapa ni kitu kidogo sana: kila Machi, kabla mbegu haijaingia ardhini, chama cha msingi cha ushirika kiwasomee wakulima hali ya mavuno ya India na ushuru wake. Dakika 10 tu. Mkulima akijua mwaka huu India imeshiba, anaweza kupunguza ekari, akaweka choroko, alizeti au pamba.

Na hao wanunuzi? Siku hizi dengu inapitia stakabadhi ghalani, yaani unaweka mzigo ghalani unapewa risiti, kisha unauzwa kwenye minada ya Soko la Bidhaa. Mnaona wanunuzi wengi wanashindana kwenye skrini, mnafurahi. Sawa, ushindani ni mzuri. Lakini wanunuzi 10 ambao magunia yao yote yanashushwa bandari za India si masoko 10. Pakistan na Bangladesh nao hula dengu hii yetu ndogo ya kahawia, na Dubai hununua kwa ajili ya kuuza tena. Australia ndiye mshindani wetu mkubwa, naye huvuna kuanzia Oktoba. Sisi tukivuna Julai hadi Septemba, tuna miezi michache ambayo mzigo mpya uko kwetu. Muda huo tunaupoteza tukisubiri magunia yahesabiwe na malipo yatoke.

Kuna mteja mwingine ambaye hatumhesabu kwa sababu haji na dola. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na mkoa huu peke yake una watu karibu milioni 3.7. Tembea jioni Mwanza mjini, bhajia za dengu zinakaangwa kila kona. Unga wake unatoka wapi? Sehemu yake umesagwa mbali, ukarudi umefungwa kwenye pakiti nzuri. Mashine ya kukoboa na kusaga dengu si teknolojia ya kupeleka mtu mwezini. Soko la ndani halitanunua mzigo wote wa Kanda ya Ziwa, tusidanganyane. Lakini lingenunua kiasi cha kukuzuia usiuze kwa hofu.

Mahindi niyaguse tu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Ndani ya wiki moja wakalegeza, wakadai cheti kwamba sumukuvu haizidi kiwango chao. Wengine walisema ni siasa. Inawezekana ilikuwemo. Lakini aliyekuwa na mahindi makavu na cheti mkononi alivuka, na aliyekuwa na hoja ya siasa alilala Namanga.

Haya, Kirumba. Nimewaacha mwisho kwa makusudi.

Dagaa ndiye mwenye masoko mengi ya kweli katika ziwa hili. Kwa uzito, ni zaidi ya nusu ya samaki wote wanaovuliwa. Hahitaji ndege, hahitaji barafu, anaweza kukaa stoo akisubiri bei. Anakwenda Congo, Rwanda, Burundi, Kenya, Uganda, Zambia, Sudan Kusini. Aliyejenga mtandao huu si semina wala wizara. Ni akina mama na vijana wenye daftari na simu. Kayabo nayo, sangara wa chumvi, mmeipeleka Congo miaka na miaka bila kumwomba mtu wa Brussels ruhusa.

Lakini milango yenu ina ugonjwa wake, nao ni mipaka na vita. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa Januari 2022. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Goma ilianguka mikononi mwa waasi Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Mwenye mteja Goma na mwenye mteja Bukavu walidhani wana miji miwili. Ilikuwa barabara moja. Mwenye mteja Lubumbashi, ambaye mzigo wake hupita Tunduma, ukaingia Zambia hadi Kasumbalesa, huyo alikuwa na mlango mwingine kabisa, ingawa nchi ni ile ile moja, Congo. Mnaona sasa kwa nini nilikataa kuwasomea orodha ya nchi? Kwa sangara, nchi nne zilikuwa mlango mmoja. Kwa dagaa, nchi moja ina milango miwili au mitatu.

Jambo la pili ni mchanga. Mtanisamehe mama zangu, lakini lazima lisemwe na mtu anayewapenda. Dagaa wa visiwani Ukerewe na Kome bado wengi wanaanikwa chini. Mvua ikinyesha wanaoza, na waliokuwa chakula cha watu wanauzwa kama chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Yaani leo mvua ndiyo inayowachagulia soko. Kichanja cha kuanikia, cha nyavu kuukuu na miti, kinamwondoa dagaa mchangani siku ile ile. Dagaa safi anaweza kwenda Lubumbashi, anaweza kwenda kwenye pakiti ya nusu kilo dukani Dar es Salaam, anaweza kukaangwa, na ikishindikana kabisa bado kuku watamla. Dagaa wa mchanga ana mteja mmoja tu, naye ana mabawa.

(Kicheko.)

Mtaniuliza gharama. Hapo ndipo semina nyingi hunyamaza, kwa hiyo niseme mimi. Soko la pili ni hasara katika mwaka mzuri. Utampelekea mteja mdogo mzigo kwa faida nyembamba huku mteja mkubwa anapiga simu akitaka wote. Utalipia kipimo Nyegezi kwa ajili ya tani chache. Utachapisha pakiti ambazo hazijaisha mwaka. Mhasibu wako atakuona umechanganyikiwa. Mimi kwa maoni yangu, sehemu moja kati ya tano ya mzigo ipite mlango wa pili kila msimu, hata kama mlango wa kwanza unalipa zaidi. Mlango usiopitwa hauna mtu anayekujua. Siku ya msiba huwezi kumpigia mteja ambaye hujamuuzia kitu miaka mitatu ukamwambia sasa nakuhitaji.

Na simaanishi tuiache Ulaya. Wahenga walionya tusiache mbachao kwa msala upitao. Masharti ya Ulaya ndiyo yaliyotufundisha usafi, na mwenye cheti chao hufunguliwa kwa urahisi kwingine.

Watu wa viwanda, kwenu nina neno moja tu. Viwanda vimepungua ziwani kwa kukosa samaki, si kwa kukosa wanunuzi. Kiwanda kinachopokea sangara chini ya sentimita 50 usiku, kisha mchana kinaomba kitafutiwe soko jipya, kinaomba soko la kitu gani?

Nimeambiwa muda umekwisha, lakini kuna mkono nyuma. Mama, karibu.

(Swali: mteja wa Lubumbashi anataka apelekewe mzigo kwa mkopo, asipopewa anasema atahamia kwa mwingine. Afanyeje?)

Asante mama. Usimpe mzigo mzima kwa mkopo, na usimfukuze. Mzigo wa kwanza uwe mdogo, gunia chache, fedha kabla lori halijaondoka Mwanza. Wa pili, nusu mkononi na nusu ukifika Kasumbalesa, na huko uwe na mtu wenu. Nasema wenu kwa sababu peke yako huwezi kumlipa wakala wa kukaa mpakani, lakini akina mama watano wa Kirumba mnaweza kuchangia mmoja, mkajaza lori moja, kila gunia na alama ya mwenyewe. Mkiwa watano, akitishia kuhama atahamia kwa nani, kama na huyo mwingine mko lori moja? Na namba yake, jina lake na mahali lilipo duka lake andika kwenye daftari la nyumbani, usiweke kwenye simu tu. Simu zinaibiwa sana pale stendi.